Uso unaowaka baada ya kula: kisa cha mwalimu mmoja wa Bukavu

Kisa hiki kililetwa kwetu kama kisa cha sumu. Mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo anayeishi Kadutu, mtaa wa Bukavu huku mashariki mwa Kongo, alikula kwa wifi yake siku ya sherehe ya mahari, na kabla sahani hazijaondolewa uso wake ulianza kuwaka: mashavu, pua, kidevu na katikati ya paji. Hakutapika, hakuharisha, pumzi haikumbana. Baada ya saa moja hivi moto ulipoa, lakini kesho yake asubuhi palikuwa na vipele vipya kwenye mashavu yote mawili. Na ilikuwa mara ya pili kumtokea katika nyumba ile ile. Hapa Bukavu, ukisema umekula kwa watu na mwili ukabadilika, hakuna anayekuuliza ulikula nini. Wanakuuliza ulikula kwa nani. Karuho, ile sumu ya polepole ambayo karibu kila familia ya mji huu ina habari zake, ilikuwa imeshatajwa kabla mama huyu hajafika nyumbani kwake.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya. Mwalimu ameniruhusu kuandika bila jina lake, na wifi yake ameruhusu pia, jambo ambalo miezi michache kabla lisingewezekana. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu ugonjwa wenyewe, rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso, hupita machoni petu kila wiki bila kutambuliwa, na kwa sababu majibu mawili mepesi yaliyokuwa yametolewa kabla yetu yalikuwa yanamdhoofisha mgonjwa kila moja kwa njia yake. Jibu la kwanza lilikuwa sumu. La pili lilikuwa orodha ya vyakula.

Hiyo orodha niielezee kwanza. Mahali pa kwanza alipotibiwa walimkataza pilipili, nyanya, mayai, samaki na karanga. Majirani wakaongeza kahawa, chai, maziwa na ndizi mbivu. Mganga wa kienyeji alimpa dawa ya kutapisha ili "kitu" kitoke, akatapika hadi akaishiwa nguvu, na kitu hakikutoka. Alipoketi mbele yangu alikuwa amebaki na fufu ya muhogo na lengalenga (mchicha) za kuchemsha zenye chumvi kidogo. Kitenge kilimzunguka kiunoni mara moja na nusu zaidi ya kawaida. Akaniambia:

"Docta, mi nakulaka fufu na lengalenga tu, lakini sura inaendelea kuwaka. Sasa niache na fufu?"

Swali lile lilikuwa na jibu ndani yake, ingawa yeye alilitoa kama kilio. Kama vyakula vile ndivyo vingekuwa chanzo, kuviacha vyote kwa miezi kungeuzima moto au angalau kuupunguza. Haukupungua. Kwa hiyo ama kulikuwa na chakula kilichobaki kinachomdhuru, ama chanzo hakikuwa kwenye sahani kabisa.

Sasa ngozi yenyewe. Rosasea hufundishwa kwa picha za watu weupe wenye mashavu mekundu, na muuguzi aliyejifunza kwa picha hizo akimtazama mama mweusi hataona wekundu wowote, basi ataandika chunusi au mzio na kuendelea na foleni. Makadirio ya dunia yanasema ugonjwa huu unawapata watu kama 5 kati ya 100. Kwa watu weusi takwimu huwa ndogo zaidi, na sehemu ya udogo huo ni kwamba hatuutafuti. Mgonjwa mweusi mara nyingi hasemi "nimekuwa mwekundu". Anasema uso unachoma, unawasha, umekaza, sabuni inauma. Huyu alisema maneno yote hayo, na hakuna aliyeyaandika kwenye kadi yake.

Nilimpeleka karibu na dirisha. Katikati ya mashavu rangi ilikuwa imeelekea kahawia iliyochanganyika na zambarau, tofauti na shingo na pembeni mwa uso. Nikaweka mgongo wa mkono wangu kwenye shavu, kisha kwenye shingo, kisha tena kwenye shavu: joto lilikuwa tofauti waziwazi. Nikachukua kioo kisafi cha maabara nikakibonyeza polepole juu ya ngozi. Rangi ile ilififia chini ya kioo, na nilipokiondoa ikarudi palepale, yaani ilikuwa damu ndani ya mishipa iliyotanuka, wala si doa la kudumu. Vipele vilikuwa vidogo, vingine na usaha, lakini vichwa vyeusi vya chunusi havikuwapo hata kimoja. Macho yalikuwa na kingo nyekundu na alisema asubuhi anahisi kama yana mchanga. Hilo la macho lisipuuzwe: rosasea huingia machoni, na ikiachwa inaweza kudhuru konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Tulimpiga picha akiwa amesimama mbele ya kitambaa cha buluu nzito, kwa kuwa mbele ya rangi hiyo mabadiliko ya ngozi nyeusi huonekana vizuri zaidi, na picha hizo zikawa kipimo chetu cha kulinganisha baadaye.

Tulipitia magonjwa mengine yanayofanana. Mzio wa chakula ungeleta vivimbe vya kuwasha mwilini, midomo kufura au kifua kubana. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huacha mara nyingi mikunjo ya kando ya pua, huja na maumivu ya viungo na uchovu, na hakuwa navyo. Daktari aliagiza vipimo vya damu hata hivyo. Dawa za presha kama nifedipini na amlodipini zinaweza kuwasha uso moto, lakini hakuwa akimeza yoyote. Hedhi yake ilikuwa bado ya kawaida. Samaki aliyekaa muda mrefu bila baridi hukusanya kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa, na anaweza kumwasha mtu uso ndani ya dakika chache. Ila katika hali hiyo wengi waliokula sufuria ile wangelalamika, na siku ile hakuna mwingine aliyelalamika.

Kuhusu sumu, sikumwambia kwamba karuho ni upuuzi. Watu hapa wamezika ndugu zao wakiamini hivyo, na mtu aliyejaa hofu ukimcheka anarudi kwa anayemtapisha. Nilimwuliza tu lini tena uso uliwaka. Akafikiri. Uliwaka asubuhi ya kupandisha bendera shuleni, wamesimama juani, hajala kitu. Uliwaka siku ya ukaguzi, mkaguzi akiwa ameketi nyuma ya darasa. Uliwaka nyumbani kwake mwenyewe, kwa chai aliyoichemsha mwenyewe. Kila mara sehemu zile zile za uso, kila mara ukiisha ndani ya saa moja au mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wifi yake hakuwapo siku hizo zote.

Kuanzia hapo tukaanza kuitazama ile meza ya sherehe kwa utulivu. Kulikuwa na fufu, sombe (majani ya muhogo), samaki wa kukaanga aliyemiminiwa mchuzi wa nyanya na pilipili, na kasiksi, pombe ya ndizi, iliyokuwa ikizunguka kwenye vikombe. Mwalimu alikula chakula kikiwa cha moto sana kwa sababu wageni walikuwa wengi na sahani zilitoka moja kwa moja jikoni. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko la makaa, akisaidia kupakua. Chumba kilijaa watu. Na yeye na wifi yake walikuwa na maneno ya zamani kuhusu kiwanja. Pilipili, moto wa chakula, moto wa makaa, pombe, joto la watu, moyo uliokunjamana, vyote kwa mpigo mmoja. Ukimkataza nyanya kwa sababu ya siku kama hiyo umekamata aliyekuwa amesimama karibu tu.

Pilipili ina kesi ya kujibu, na sababu yake inajulikana vizuri. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu, mdomoni na kwenye ngozi ya uso, kuna kipokezi kinachoitwa TRPV1. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko Marekani walikitambua kwa kutumia kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Mwaka 2021 Julius akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kipokezi hicho hufunguka kwa kapsaisini, na hufunguka pia kwa joto la kuanzia nyuzi kama 43. Kwa mishipa ya fahamu, pilipili na moto ni mlango mmoja. Ukifunguliwa, mishipa hiyo hutoa kemikali zinazotanua mishipa ya damu, na uso unajaa joto. Mtu yeyote akila pilipili kali anaweza kutokwa jasho usoni. Kwenye ngozi yenye rosasea vipokezi vya jamii hiyo vimeonekana kuwa vingi zaidi, na mwitikio unazidi kiasi.

Pombe inaongeza uzito kwenye mlango ule ule. Yenyewe hutanua mishipa ya damu, lakini pia hushusha kiwango cha joto kinachotosha kukifungua kipokezi cha TRPV1, kutoka nyuzi kama 42 hadi kama 34. Nyuzi 34 ni chini ya joto la mwili wetu. Ndiyo maana kikombe cha kasiksi pamoja na mchuzi wa pilipili kilifanya kile ambacho pilipili peke yake nyumbani haikuwahi kukifanya kwa ukali ule.

Na vipele vya kesho yake? Hapo ndipo rosasea inapoachana na kuwaka kwa kawaida. Mwaka 2007 timu ya Richard Gallo huko San Diego ilionyesha kwamba ngozi ya wagonjwa hawa ina protini ya kinga iitwayo kathelisidini kwa wingi usio wa kawaida, na kimeng'enya kinachoikata vipande vinavyochochea uvimbe na mishipa mipya. Ngozi iko tayari kupigana. Joto likija, damu ikijaa, vita vinaanza, na siku inayofuata unaona vipele.

Tulimpa daftari la shule, la mistari, la bei ndogo. Hatukumwambia aandike tu alichokula. Aandike kilikuwa cha moto kiasi gani, alikuwa amekaa wapi, jua lilikuwaje, na moyo wake ulikuwaje. Mwalimu anajua kutunza daftari. Lile lilikuwa na safu zilizochorwa kwa rula, na kwenye safu ya moyo aliandika mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwa mdomo.

Chai ndiyo ilitupa jibu la kwanza. Alikuwa ameiacha kabisa, na kwa mtu anayeanza kusimamisha darasa la watoto wengi asubuhi hiyo si adhabu ndogo. Tulifanya hivi, pale pale kituoni. Chai moja ya rangi, birika moja, sukari sawa. Siku moja aliinywa mara tu baada ya kumiminwa, mvuke ukimpanda usoni. Kabla hajafika katikati ya kikombe alishika shavu. Siku nyingine tuliiacha ikae, tukazungumza mambo ya shule, hadi kikombe kikashikika kwa viganja viwili bila kuhamishahamisha. Akanywa chote. Akangoja. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye shavu, nikaweka kwenye shingo. Hakuna tofauti. Yeye mwenyewe aliweka mkono wake, kwa sababu hakuniamini.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1981 Jonathan Wilkin aliwanywesha wagonjwa wa rosasea kahawa ya moto, maji matupu ya moto, kahawa iliyopoa, na kafeini peke yake. Vya moto, vya nyuzi 60, viliwasha uso, hata yale maji matupu. Kahawa iliyopoa na kafeini havikuwasha. Kisha mwaka 2018 uchambuzi wa taarifa za wauguzi wanawake zaidi ya 82,000 wa Marekani ulionyesha kwamba waliokunywa vikombe 4 au zaidi vya kahawa kwa siku walipata rosasea kwa kiwango cha chini kwa asilimia 23 kuliko wale wasiofikisha hata kikombe kimoja kwa mwezi. Sisemi kahawa ni dawa. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha hivyo. Ninasema kwamba katika nchi ya Kivu, ambako kahawa inalimwa Kabare, Kalehe na kisiwani Idjwi, kumwambia mtu aache kahawa kwa ajili ya rosasea bila kumwuliza ilikuwa ya moto kiasi gani ni kumnyima bure.

Tangawizi ilikuwa kinyume chake. Baada ya kukatazwa chai, dada mmoja wa kanisani alimshauri anywe maji ya tangawizi ya moto asubuhi na jioni ili "kusafisha damu", na alikuwa akiyanywa kwa uaminifu katika muda wote wa kula fufu na lengalenga. Hayakuwamo kwenye orodha ya vyakula kwa kuwa yeye aliyahesabu kama dawa. Lakini ukali wa tangawizi hugusa kipokezi kile kile cha TRPV1, na yeye aliinywa ikiwa ya moto. Mdalasini nao una kemikali inayogusa kipokezi cha jirani, TRPA1. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa akiniambia hapatani na chakula chochote, namwuliza pia anakunywa nini kwa ajili ya afya.

Nyanya, mayai, karanga, samaki: daftari halikuvikamata hata mara moja vilipoliwa vikiwa vimepoa na bila pilipili. Nilisisitiza samaki warudi kwanza, na hasa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa sababu ndiyo protini ambayo familia ya mwalimu inaweza kuimudu mara nyingi. Alirudi nao kwa woga, kidogo kando ya sahani. Hakuna kilichotokea.

Kuna takwimu moja ninayoitumia kuwaeleza wenzangu kazini. Chama cha Marekani kinachoshughulikia rosasea kiliwauliza wagonjwa 1,066 kuhusu vichocheo vyao. Jua lilitajwa na asilimia 81, msongo wa mawazo 79, joto la hewa 75, pombe 52, vyakula vyenye viungo vikali 45, vinywaji vya moto 36. Wale ni watu wa huko, wengi weupe, na walijieleza wenyewe; kwetu asilimia zinaweza kuwa nyingine. Lakini tazama mpangilio: jua na moyo viko juu ya pilipili. Bukavu iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo tu ya ikweta, na kwa kila mita 1,000 unazopanda mionzi ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Baridi nzuri ya ziwa inatudanganya. Mwalimu aliyekatazwa mayai hakuna aliyemwambia avae kofia.

Hata hivyo, hayo yote hayakueleza kwa nini ugonjwa ulikuwa umekuwa mkali kiasi kile. Tangu utoto amekula pilipili. Kasiksi si kitu kigeni kwake. Kwa nini sasa?

Nilimwomba alete kila kitu anachoweka mdomoni na kila kitu anachopaka usoni, bila kuchagua. Alikuja na kifuko, akapanga vitu mezani: sabuni, mafuta ya nazi, vaselini, na kitubu kidogo kilichokunjwa hadi karibu na mwisho. "Hii si dawa, ni pomade tu," alisema, "ya kusafisha sura." Alikuwa ameinunua sokoni vipele vya kwanza kabisa vilipoanza, zaidi ya mwaka uliopita. Ilimfaa kwa haraka ya ajabu, vipele vikalala, rangi ikapauka kidogo, wenzake wakamsifu. Kila alipoiacha moto ulirudi mkali zaidi, basi akarudi kuipaka. Nikakikunjua kitubu nikasoma maandishi madogo ya pembeni: klobetasoli, asilimia 0.05.

Klobetasoli ni steroidi kati ya zile zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa. Ina kazi yake, kwa magonjwa mengine, kwa muda mfupi, na usoni karibu haina nafasi. Inabana mishipa ya damu na kunyamazisha uvimbe, ndiyo maana mtu anafurahi mwanzoni. Lakini inaifanya ngozi kuwa nyembamba, inawaacha wadudu wadogo wa demodeksi waishio kwenye vinyweleo wazaliane, na ikikosekana siku moja mishipa ile hutanuka kwa nguvu. Ngozi iliyofika hapo huwaka kwa kila kitu: mvuke wa fufu, upepo, sabuni, aibu. Chakula kinalaumiwa kwa kuwa mtu hula kila siku na hukumbuka alichokula. Pomade hailaumiwi kwa sababu ndiyo inayotuliza.

Haya ndiyo yanayoniuma zaidi katika kisa hiki. Mama huyu alihojiwa kuhusu mayai, kuhusu wifi yake, kuhusu dhambi zake hata, na hakuna aliyemwuliza anapaka nini. Pomade kama hizo zinauzwa peupe kando ya vitunguu na sabuni, nyingine zikichanganywa na muuzaji mwenyewe ndani ya vikopo visivyo na maandishi. Wanawake wengi wanazinunua wakitafuta weupe. Wengine, kama huyu, walikuwa wanatafuta tu kupona kipele.

Tulimweleza wazi kwamba akiacha pomade hali itaharibika kabla haijatengemaa. Hilo lisiposemwa mapema, mgonjwa atarudi kwenye kitubu juma la kwanza. Na kweli, uso ulifura, vipele vikaongezeka, akashindwa kwenda darasani siku kadhaa. Alinitumia ujumbe usiku kwamba sasa anaamini kweli ametupiwa kitu. Mume wake ndiye aliyemshika: alikuwa amesikiliza siku ya maelezo, akamkumbusha kwamba haya yalitabiriwa. Nashukuru tulimwita mume siku ile. Daktari alimwandikia doksisiklini ya kumeza, baada ya kuhakikisha hana mimba, na metronidazoli ya kupaka ya asilimia 0.75. Doksisiklini huifanya ngozi iogope jua zaidi, basi kofia pana na mwavuli vikawa sehemu ya tiba. Kuosha uso ikawa kwa maji ya vuguvugu bila kusugua. Kwa macho, kitambaa safi chenye uvuguvugu juu ya kope jioni, na barua ya kwenda kwa daktari wa macho.

Hapa niseme jambo kwa wanaouza na wanaonunua bila ushauri: iko krimu ya ivermektini ya asilimia 1 iliyotengenezwa kwa ajili ya rosasea, na watu waliposikia hivyo walianza kuniuliza kuhusu vidonge vya ivermektini vinavyojulikana hapa kwetu kwa usubi. Msivimeze kwa ajili ya uso. Kwa mtu mwenye minyoo mingi ya loa loa katika damu vinaweza kuleta madhara makubwa ya ubongo, na ugonjwa huo upo nchini mwetu.

Miezi ilipopita moto ukapungua, na ndipo tuliporudi kwenye chakula kwa mara ya pili, sasa kwenye ngozi isiyo na steroidi. Matokeo yalikuwa tofauti na yale ya mwanzo. Chai ya moto kiasi, iliyokuwa ikimwasha, sasa anainywa bila shida. Ya kuchemka bado inamwasha. Pilipili kidogo ndani ya sombe inapita. Pilipili mbichi kando ya samaki haipiti. Kasiksi hata kikombe kidogo humletea moto ndani ya nusu saa, na ameamua mwenyewe kuiacha, si kwa kukatazwa. Nyanya, mayai, karanga, maziwa, ndizi, samaki: vyote vimerudi mezani.

Kuhusu wifi, tulimwalika kituoni kwa idhini ya mwalimu. Hatukuzungumzia nani alimshuku nani. Nilirudia jaribio la kikombe cha moto mbele yake, akaona shavu la mwalimu likibadilika kwa chai ambayo mimi ndiye niliyeichemsha, akagusa kwa mkono wake. Alikaa kimya muda, kisha akasema kilichokuwa moyoni:

"Kumbe mwaka muzima nilikuwa mulozi kwenu, juu ya chai?"

Mwalimu alilia. Ya kiwanja hayajaisha, na si kazi ya kituo cha afya kuyamaliza, lakini Jumapili iliyofuata alikula kwa wifi yake. Samaki alipikwa bila pilipili, pilipili ikawekwa kwenye kibakuli chake peke yake, na sahani ya mwalimu ikaachwa mezani hadi ilipopoa.

Kwa sasa amemaliza doksisiklini na anaendelea na krimu ya metronidazoli. Rosasea haiponi moja kwa moja. Hutulizwa, na inaweza kuinuka tena, hasa miezi ya jua kali na wakati wa mitihani ya mwisho wa mwaka. Daktari wa macho anamwona bado. Daftari tumelifunga, kwa sababu alikuwa ameanza kuogopa kula bila kuandika. Analifungua tu uso ukiwaka bila sababu anayoijua. Kwenye kadi za wagonjwa wa ngozi wanaokuja kituoni kwetu tumeongeza mistari miwili inayojazwa kabla ya swali lolote la chakula: anapaka nini usoni, na tangu lini.